Mtafsiri wa Papa Posta

Uvira nzima, kule Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa tayari kula kiapo kwamba Évariste anajua Kiingereza. Hakujua lolote. Alijua "yesi" na "okei", na hayo mawili aliyaokota kwenye filamu zenyewe. Lakini alikuwa na koo, alikuwa na maikrofoni iliyofungwa kwa utepe, na mwenye banda la video alikuwa amemketisha kando ya televisheni awatafsirie watu. Basi akatafsiri. Mzungu akifungua kinywa, Évariste anamjaza maneno. Ulikuwa uongo mtupu, sikatai, lakini sijasikia mtu wa Uvira aliyedai kurudishiwa kiingilio chake.

Zilizopendwa kuliko zote zilikuwa filamu tatu za mchekeshaji mmoja Mwingereza, mfupi, mwenye mwendo wa bata, ambaye kila barua aliipeleka nyumba isiyo yake. Évariste alimbatiza Papa Posta. Watu sitini walibanana kwenye mabenchi wakicheka mpaka jenereta haisikiki. Mbele kabisa aliketi mama yake Évariste na sinia lake la karanga, na yeye ndiye aliyekuwa akianza kucheka kabla ya wenzake, kwa sababu mwana ni wake.

Hayo yamekwisha. Leo Évariste ana miaka arobaini na tisa na analinda geti la makazi ya wastaafu kule Midrand, Afrika Kusini. Anaishi Bellevue, mtaa wa Johannesburg, katika nyumba ya kizamani iliyokatwakatwa vyumba tisa, yeye akiwa na kimoja. Mkewe Murielle alihamia Cape Town zamani na ana maisha yake huko. Binti yao Héritière humpigia simu Jumamosi. Baba anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kiingereza, na utani wote wa baba unamfikia umeshapoa. "Okei, Pa," anasema, halafu anakata. Mtu aliyewachekesha sitini kwa mpigo sasa anamaliza siku kwa maneno matatu: habari, karibu, andika jina. Upweke wa namna hiyo unauma, na Évariste hakuwa na wa kumwambia kwamba unauma.

Kila siku saa nne asubuhi, mzee mmoja wa nyumba namba kumi na saba alishuka hadi getini kuuliza kama ana mgeni. Jina lake Desmond Pyle. Mkewe, muuguzi mzaliwa wa Johannesburg, ndiye aliyemleta kuzeekea nchi hii, kisha akatangulia yeye kufa. Évariste alimtambua siku ya kwanza, si kwa uso, maana uso ulishachakaa, bali kwa miguu, ule mwendo wa bata. Akanyamaza miaka miwili. Kampuni ya ulinzi ilikataza kupiga soga na wakazi. Na zaidi ya hapo aliona haya: utaanzaje kumwambia mtu kwamba ulikula kwa mdomo wake miaka sita?

Asubuhi moja ya Julai, baridi imekaza, mzee aliuliza kama kawaida, akaambiwa hakuna mgeni, lakini hakurudi. Alisimama ameshika chuma cha geti.

"Miezi minane sasa," akasema.

Uvumilivu ukamshinda Évariste. "Bwana, kwetu wewe unaitwa Papa Posta," akasema, kwa Kiingereza alichokipata Johannesburg kwa miaka kumi na minne. Akaeleza yote: ziwa, banda, mabenchi. Alichokiacha ni kimoja tu, kwamba hakuwa akijua lugha.

Tangu siku hiyo mzee alikuja getini na kiti chake cha kukunja, kanuni za kampuni zikalala. Alimpa Évariste maisha yake kidogo kidogo. Alianza kuchekesha katika vilabu vya pombe kaskazini mwa Uingereza, watu wakimrushia maganda. Televisheni ikamchukua acheze yule mtu wa posta, na kipindi kikaenda miaka tisa. Zikafuata filamu mbili, vichekesho vitupu. Ya tatu aliililia mwenyewe apewe, kwa sababu ndani yake mtu wa posta anamzika mkewe, naye alitaka kwa mara moja tu kuonekana kama mtu.

"Unajua kilichotokea London?" mzee aliuliza. "Nilipofika kaburini, ukumbi wote ukacheka. Sikufanya kitu. Nilisimama tu. Baada ya hapo sikupata kazi tena, isipokuwa matangazo ya biskuti." Akainama mbele. "Nimeamini miaka thelathini kwamba ni huu uso wangu, kwamba haubebi jingine. Lakini kwenu hawakujua kipindi changu cha televisheni. Niambie, Évariste. Pale makaburini, kwenu, walicheka?"

Gari likapiga honi. Évariste alishukuru honi hiyo kama ametumiwa malaika. "Jumapili niko mapumziko," akasema. "Nitakuja kukuambia."

Siku tatu hizo hakula vizuri. Alikumbuka barabara alichokifanya. Papa Posta alipoinamia kaburi, Évariste alimfanya amuulize marehemu ameficha wapi ufunguo wa kabati la chakula. Banda lilipasuka. Mama yake alicheka hadi karanga zikamwagika. Kudanganya sasa kungekuwa rahisi. Neno moja, "hapana", na mzee angekufa ameridhika. Tena uongo ndio uliokuwa kazi yake. Lakini mzee hakuwa amemuuliza mchekeshaji wa Uvira. Alimuuliza shahidi pekee aliyempata duniani.

Jumapili alivaa suti ya kanisani akapanda teksi mbili. Getini alikuwa zamu mwenzake Pitchou, kijana wa Lubumbashi.

"Eish, yaya Évariste! Leo uko mugeni?" akauliza, akimwita kaka kwa lahaja ya kwao.

"Niko mugeni. Namba kumi na saba."

"Bon. Andika jina, basi. Sheria ni sheria," Pitchou akasema akimsukumia daftari, akicheka.

Évariste akaandika jina lake katika daftari alilowaandikisha wengine miaka yote. Kwenye safu ya namba kumi na saba aligeuza kurasa nyuma, akitafuta, asione mtu.

Mzee alikuwa amevaa tai. Alikuwa ameandaa chai na biskuti, viti viwili mbele ya televisheni. Évariste hakugusa chai.

"Walicheka," akasema. "Walicheka sana. Lakini hawakucheka uso wako, mzee. Mimi sikuwa najua Kiingereza. Nilizima sauti yako nikasema yangu. Nilikutia maneno ya upuuzi juu ya kaburi la mkeo, kwa sababu nilidhani mchekeshaji ni wa kuchekesha tu. Kosa ni langu."

Mzee alirudisha kikombe chake mezani, na Évariste alijua kwamba sasa atafukuzwa, na geti lile lile litamwona kila asubuhi akimsalimu mtu asiyeitika. Akaanza kuinuka.

"Kwa hiyo kule hakuna aliyewahi kuyasikia maneno yangu," mzee akasema polepole.

"Hakuna."

"Keti." Akachukua rimoti, akaitafuta filamu ya tatu, akaikimbiza hadi makaburini. "Fanya tena kazi yako. Safari hii sema nilichosema."

Kwenye kioo mtu mfupi alikuja na mwendo wa bata hadi kwenye udongo mbichi. Alikuwa na sweta mkononi. Évariste akasafisha koo. Sauti ikatoka ile ile ya zamani, pana, ya kufika benchi la nyuma.

"Nimekuletea sweta. Wameniambia huko chini hakuna baridi, lakini wao hawakujui wewe na baridi." Papa Posta alikunja sweta, akaliweka. "Nisamehe. Ulipokuwa unaondoka sikuwepo..."

Hapo Évariste akakwama. Mama yake alizikwa Uvira mwaka wake wa pili Johannesburg. Alisikiliza mazishi kwa simu, amesimama uani Bellevue, mawasiliano yakikatika kila mara, hata udongo ukiangukia jeneza hakuusikia vizuri. Na hakuwahi kulisema neno hilo kwa mtu yeyote, kwa lugha yoyote. Mzee akasimamisha picha, akamngoja, hakumhimiza.

"Sikuwepo," Évariste akasema, machozi yakimtiririka. "Nilikuwa mbali, kazini. Sikuwepo, mama."

Neno la mwisho halikuwa kwenye filamu. Mzee, asiyejua Kiswahili hata chembe, alikuwa ameinamisha kichwa, ametega sikio, akisikiliza kile kimya kilichokuja baadaye.

"Sasa," akauliza, "walicheka?"

Évariste akageuka kutazama nyuma ya viti vyao, kama mtu anayehakikisha benchi kwa benchi.

"Hapana, mzee," akasema. "Leo hawakucheka."