Nkirote Aomba Kusindikizwa

Jambo la kwanza ambalo mtu hulitambua kwa Nkirote ni kwamba hutembea kama mtu asiyesubiriwa popote. Katika mji wa Richfield, huko ughaibuni, ambako hata anayekwenda kununua maziwa ng'ambo ya barabara huwasha gari, mwendo huo ulitosha kuzua maswali. Majirani Wazungu walidhani anafanya mazoezi. Wakenya, ambao walimjua vizuri zaidi, walidhani amefilisika.

Hakuwa amefilisika. Alikuwa ameuza gari.

Ili mtu auelewe uzito wa jambo hilo, ni lazima kwanza alielewe gari lenyewe. Lilikuwa na viti saba, na Nkirote, msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, aliishi pua na mdomo na uwanja wa ndege. Mambo hayo mawili yakikutana katika maisha ya mtu mmoja, mtu huyo hana maisha tena. Kwa miaka mingi kila nyanya aliyekuja kulea mjukuu, kila mhubiri, kila mwanafunzi mwenye masanduku yaliyojaa unga na majani ya chai, alipokelewa na Nkirote. "Wewe si uko hapo tu karibu na airport," watu walimwambia, kwa sauti ya mtu anayekukumbusha baraka zako. Alijua wageni hutokea mlango gani. Alijua pa kuegesha ambapo askari huchelewa kukufukuza. Alikuwa amewaona watu wengi mno wakifika kutoka safarini, na yeye mwenyewe hakuwa amesafiri tangu siku aliyofika.

Binti yake Keziah alipohamia kwenye bweni la chuo kikuu, Nkirote alikata shauri ambalo halikuwa na kamati yake kanisani. Angeufuata mto Mississippi kuelekea kusini kwa miguu, bila haraka. Angekaa Hastings mpaka aichoke, kisha Red Wing, kisha Wabasha, akifanya vibarua katika nyumba za wazee njiani, kwa kuwa wazee wako kila mji na kila mji umekosa wa kuwaogesha. Huenda safari ingechukua mwaka, huenda miwili.

"Unaenda kuona nani?" aliuliza Chepkemoi, muuguzi aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi.

"Sina wa kuona."

"Kuna harusi huko?"

"Hakuna."

"Basi hiyo si safari, Mama Keziah. Hiyo ni kupotea."

Keziah naye, akijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, alisema kwamba watu wengi siku hizi husafiri hivyo ili kujitafuta. Nkirote alimweleza kwamba yeye yupo, hajitafuti. Alichotaka ni kufika mahali ambapo hatafutwi.

Aliondoka asubuhi moja ya Agosti, begi mgongoni. Alipomaliza kuvuka daraja la Mendota, gari likasimama kando yake. Ndani alikuwamo Timothy, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kumpita Mkenya mwenzake akienda kwa miguu, na ambaye anatumaini jambo hilo limeandikwa mbinguni.

"Mama Keziah, gari imekufia wapi?"

"Haijakufa, mzee. Natembea."

"Unatembea unaenda wapi?"

"Hastings. Polepole."

"Sawa. Wacha basi nikurudishe nyumbani upumzike kwanza. Hastings haihami."

Kumkatalia mzee wa kanisa aliyekwisha kukufungulia mlango wa gari si jambo linalofundishwa popote. Kabla ya saa sita Nkirote alikuwa jikoni kwake, ameombewa, na birika iko motoni.

Mara ya pili alipita vichochoro, akafika. Alipanga chumba Hastings kwa mama mmoja mjane, na kwa karibu majuma mawili aliishi maisha ambayo hakujua kwamba yanaruhusiwa. Asubuhi alikaa ukingoni kutazama meli za mizigo zikisukumwa mtoni kwa mwendo wa mtu anayefikiri. Mwuza mikate akamjua jina. Siku moja alimtazama kobe akipanda juu ya gogo. Kobe alipofika juu, Nkirote aligundua kwamba hakuwa ameangalia simu tangu aamke, na kwamba dunia haikuwa imeanguka. Alihisi mabega yake yameshuka kutoka mahali yalipokuwa yamekaa miaka yote hiyo. Akaamua kukaa mpaka majani yageuke rangi, halafu aende mbele.

Chepkemoi, aliyekuwa amekuja kumhudumia mgonjwa mtaa wa pili, alimkuta nje ya duka akila tufaha.

"Ingia kwa gari, Mama Keziah. Watu wamefunga."

"Wamefunga nini?"

"Kula. Kwa ajili yako. Leo ni siku ya tatu, na Mzee Timothy ana kisukari."

Nkirote aliingia kwenye gari. Kuna mambo ambayo mtu huru hawezi kuyabeba, na mojawapo ni sukari ya Mzee Timothy.

Jumapili iliyofuata, katika kanisa lao la kupanga mtaani Phillips, baada ya matangazo, aliitwa mbele. Mchungaji alieleza jinsi ndugu walivyoguswa na kumwona dada yao akitaabika barabarani. Kisha wakamkabidhi funguo. Nje, limefungwa utepe, lilisimama gari jeupe la viti kumi na viwili.

Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Nkirote aliutazama ule umati, akaona wazi nani ana shangazi anayekuja Oktoba na nani ana wazazi wanaokuja Novemba. Alijua pia kwamba akizipokea funguo, theluji itaanguka akiwa bado anapakia masanduku, na ikifika Aprili atakuwa amezeeka katika kiti cha dereva. Akaomba kipaza sauti.

"Nimeshukuru," alisema. "Mmenipenda mpaka mkakosa kula. Lakini kwetu, mtu akiaga, hapewi gari. Anasindikizwa. Mimi niliondoka kama mwizi, ndiyo maana mkanirudisha. Leo naaga. Jumamosi nisindikizeni mpaka daraja la Mendota, mniombee hapo, mniache. Mtu aliyesindikizwa na kuombewa harudishwi njiani. Ni kama kumwambia Mungu hamkumaanisha."

Hoja hiyo haikuwa na mlango wa kutokea.

"Na hii gari?" aliuliza Timothy hatimaye.

Nkirote alizitia funguo katika kiganja cha Timothy. "Mzee, wewe si unaishi Bloomington? Wewe pia uko hapo tu karibu na airport."

Kicheko kilichofuata kilitoka hasa kwa wale wanaoishi mbali.

Hivyo ndivyo kamati ya kumsindikiza Nkirote ilivyoundwa, pamoja na kamati ndogo ya chakula, ya fulana, na ya magari ya kuwafuata wasindikizaji, endapo wangechoka kutembea. Jumamosi asubuhi barabara mbele ya nyumba yake ilijaa watu waliovaa viatu visivyowahi kukanyaga zaidi ya maegesho. Mikono yao ilibeba sufuria za pilau. Keziah alikuja, akamkumbatia mama yake, akamwambia kwa Kiswahili cha kusitasita, "Mum, usirudi haraka."

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mwombaji. Timothy ndiye aliyepangiwa sala, na alfajiri hiyo alikuwa ameitwa kumpokea mgeni wa mtu. Ujumbe wake ulisomwa kwa sauti: ndege imetua, mgeni amepatikana, begi moja halijaonekana.

"Tungeomba bila yeye," alipendekeza Chepkemoi.

"Hapana," alisema Nkirote. "Akikosa kuniombea, kesho atanikuta njiani na atasimamisha gari."

Watu walianza kufunua sufuria. Nkirote alikataa kukaa na alikataa kulitua begi. Alisimama ukingoni mwa barabara, ametazama kona ambayo gari la viti kumi na viwili lingetokea, na kila lilipotokea gari jeupe alikaza mikanda ya begi, kisha akailegeza kidogo.