Ngazi Thelathini na Moja

Ngazi za kupanda kwenye roshani ya kwaya zilikuwa thelathini na moja, na Fundi alizijua moja moja kama mtu anavyowajua majirani wakorofi. Ya saba ilikuwa imebonyea katikati. Baada ya ya kumi na tano kulikuwa na kipumziko chenye kidirisha, na hapo ndipo marehemu dada yake alipokuwa akisimama kila Jumapili, mkono kiunoni, kifua kikipanda na kushuka, akiwaambia waliokuwa nyuma yake, "Subirini jamani. Nampisha malaika, ana haraka kuliko mimi."

Watu walicheka, kisha wakasubiri kweli, maana nafasi ya kumpita haikuwepo.

Yeye na dada yake walikuwa wanene tangu usichana. Mtaani waliitwa Malori Mawili, wala hawakununa. Kwenye harusi moja waliketi pamoja, benchi likavunjika, wakajikuta sakafuni mbele ya maharusi. Dada mtu aliinuka akijikung'uta vumbi, akasema, "Benchi hili lilikuwa na ugonjwa wake wa siku nyingi. Sisi tumelimalizia tu."

Lakini mdogo mtu, huyu fundi cherehani, hakuwa na moyo ule wa kucheka. Miaka minne kabla ya msiba aliishia ngazi ya saba Jumapili moja, akageuka, akaenda kuketi kiti cha mwisho karibu na mlango. Tangu siku hiyo hakuimba tena na wenzake. Dada yake hakuacha kupanda. Kabla ya wimbo wa kwanza alikuwa akichungulia kutoka juu na kumpungia daftari la nyimbo. Wakitoka ibadani alimwambia neno lile lile: "Nafasi yako ipo, mdogo wangu. Naiwekea mkoba asikae mtu."

Ni dada yake aliyemburuta mpaka hospitali, wakaandikishwa siku moja wafanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo. Jina la dada lilitangulia. Zilipobaki wiki sita siku yake ifike, asubuhi ya Jumatano, akiwa anaanika nguo, moyo wake ukasimama. Walimkuta shati moja bado liko mkononi. Mungu amrehemu.

Siku ya kumzika, kwaya iliimba kutoka juu, Fundi akalia chini kwenye kiti chake cha mlangoni. Ndani ya kile kilio alimwahidi Mungu jambo moja: mwaka ukitimia, siku ya ibada ya kumbukumbu, atasimama kule juu, mahali pale pale. Kisha akamwambia binti yake, ili asipate njia ya kujificha.

Miezi sita baadaye zamu yake ilifika, akafanyiwa upasuaji. Alirudi nyumbani na matundu matano madogo tumboni na kikombe cha kupimia chakula. Alikula vijiko vinne akashiba. Maji alitakiwa ayanywe kwa mafunda madogo, na yasigusane na chakula. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Kilo zilishuka, kumi, ishirini, thelathini na ushee, na kila aliyempita barazani alimpongeza: "Umependeza!" Yeye alijiona kama nyumba ambayo watu wamehama, wameacha milango wazi. Uchovu wake haukuwa wa kulala ukaisha. Aliamka nao, akauvaa kama kanga, akaenda nao kazini.

Muuguzi wa hospitali alimpa mambo mawili ya kufanya. Kwanza kutembea: aanze na hatua elfu mbili kwa siku, aongeze pole pole mpaka elfu nane, na simu itamhesabia. Pili, asubuhi na jioni, aketi kitini na kuinuka mara kumi bila kujisukuma kwa mikono.

"Ukipungua haraka, nyama ya miguu nayo inaondoka, mama," muuguzi alimwambia. "Simu itahesabu, lakini haitakuinua. Kiti usikisahau."

Fundi alikisahau kiti. Magoti yalimuuma, na hatua zilikuwa zinaongezeka zenyewe vizuri mno. Binti yake alimwekea ile programu ya kuhesabu, naye akawa anaitia simu kwenye mfuko wa aproni, pale juu ya paja, ili isisahaulike hata hatua moja. Ulikuwa msimu wa sare za shule. Vitambaa vilijaa mezani, na cherehani yake ya kukanyaga ililia tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Kila jioni alitoa simu, akavaa miwani, akasoma. Elfu tano. Elfu sita na mia tatu. Wiki ya nne, elfu nane na mia moja. Alimtumia muuguzi namba hizo, naye akajibu, "Hongera sana mama!" Fundi alipiga magoti kando ya kitanda akamshukuru Mungu, akashangaa kwamba mtu anaweza kutembea kiasi hicho na bado ajisikie kama gunia.

Zilipobaki wiki tatu, Jumamosi, alikwenda mazoezi ya kwaya kujaribu ngazi. Alipita ya saba bila kusimama, akatabasamu. Kwenye ya tisa mapaja yalianza kutetemeka. Kwenye ya kumi na moja yaligoma kabisa. Pumzi alikuwa nayo, ajabu. Miguu ndiyo haikuwepo. Aliketi hapo hapo.

Mwalimu wa kwaya, mwanamume mwembamba mwenye sauti nene, alishuka kumtazama. "Tukushike mikono, dada? Vijana wawili tu, mara moja uko juu."

"Nikishikwa nitakuwa nimebebwa, mwalimu. Niache nishuke."

Alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto anayejifunza, huku juu yake wenzake wakijitia kutafuta ukurasa.

Jumatatu alishona bila kuinuka. Sare arobaini zilitakiwa kesho yake, hata chakula alikula hapo hapo kwenye cherehani. Jioni alitoa simu kwa mazoea. Elfu tisa na mia nne.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitenganishwa na cha Fundi kwa ubao mwembamba tu, alichungulia. Alikuwa mtu wa kusikia kila kitu. "Nini hakiwezekani?"

"Simu inasema leo nimetembea hatua elfu tisa na mia nne."

"Umetembea wapi wewe? Mimi tangu asubuhi nakuona hapo umeganda kama stempu."

Walitazamana. Kisha Kinyozi akaitazama ile aproni, akautazama mguu wa Fundi juu ya kikanyagio. "Hebu kanyaga kidogo. Itie simu palepale, kanyaga kama unashona."

Alikanyaga. Kinyozi aliitoa simu mfukoni kwa vidole viwili, akasoma. "Elfu tisa mia nne na thelathini na mbili. Aisee! Wewe umekwenda mpaka mji wa pili umeketi kitini!"

Alicheka mpaka akaegemea ubao, na ubao ukalia. "Vifundo vyako vya miguu sasa ni vya mwanariadha, shemeji. Tatizo ni huku juu tu."

Fundi naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukubali kurudi. Kinyozi alirudi kwake, akajifanya anasafisha mashine.

Wiki nne nzima. Siku zote hizo alikuwa amekaa. Alichokumbuka kwa uchungu zaidi ni yale magoti aliyopiga kando ya kitanda. "Baba," alisema kwa sauti ya chini, "nimekushukuru kwa hatua ambazo sikutembea." Hakujua kama hiyo ni dhambi au ni kichekesho. Dada yake angejua.

Alimwandikia muuguzi ukweli wote. Jibu lilichelewa, kisha likaja fupi: "Pole mama. Nimecheka, nisamehe. Sasa turudi kwenye kiti."

Asubuhi iliyofuata aliitundika simu kwenye msumari, akashika kiti chake cha kazini, akajaribu kuinuka bila mikono. Mara tatu. Ya nne alibaki katikati, si juu si chini, akaanguka tena kitini.

"Tatu!" Kinyozi alipaza sauti kutoka upande wa pili.

"Nani kakwambia uhesabu?"

"Kiti chako kinapiga kelele. Nifanyeje, nizibe masikio?"

Ikawa ndiyo desturi yao. Tatu. Nne. Siku moja ikawa mbili tu, kwa sababu hakuweza kumeza kitu tangu jana yake, na Kinyozi akasema "mbili" kwa upole, bila utani. Jioni, cherehani ikishafunikwa, alitembea kuzunguka majengo ya mtaa wao, simu mkononi. Namba sasa zilikuwa za kweli, na zilikuwa za aibu: mia saba, mia tisa, elfu moja na mia moja. Hakuona furaha yoyote. Alitembea kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Siku ya mwisho kabla ya ibada aliinuka kitini mara tisa. Haikutimia kumi.

Ibada ilikuwa saa nne. Saa tatu kasorobo Fundi na binti yake walikuwa tayari chini ya ngazi.

"Usiniguse," alimwambia binti. "Hata nikiyumba."

"Ukianguka je?"

"Nikianguka hutakuwa na la kufanya, utakuwa chini yangu."

Alipumzika kwenye ya saba. Alipumzika kwenye ya kumi na moja, akaitazama kama mtu anayemtazama aliyemdhulumu, akaondoka. Kwenye kipumziko alisimama kando ya kidirisha. Hapo ukutani rangi ilikuwa imechujuka, kiasi cha kiganja kimoja, mahali mtu alipokuwa akijishikiza kila Jumapili kwa miaka. Aliweka mkono wake juu yake. Binti yake akatazama nje.

Wanakwaya walianza kupanda. Fundi alijibana ukutani. Sasa alikuwa mdogo wa kutosha kupitwa. Hakuna aliyepita. Walisimama wamepangana mpaka chini, na mzee mmoja wa sauti ya nne akauliza, "Vipi, malaika bado hajapita?"

"Bado," Fundi alisema. "Leo naye amechoka."

Walicheka kidogo. Alizipanda zile kumi na sita zilizobaki kwa dakika nyingi, akiivuta miguu mmoja mmoja, kengele ikilia alipokuwa kwenye ya ishirini na nane.

Mahali pa dada yake palikuwa pamewekwa mkoba. Mwalimu wa kwaya aliuondoa bila kusema ni wa nani. Fundi alishika ukingo wa roshani. Wimbo ulipoanza alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Nguvu zote zilikuwa kwenye magoti. Akafunga kinywa. Alisimama beti nne nzima, mapaja yakitetemeka ndani ya gauni alilolipunguza mara tatu kwa mkono wake, akikitazama kile kiti cha mlangoni. Kilikuwa kitupu.

Kushuka kulimchosha kuliko kupanda.

"Mama, sikukusikia," binti alisema walipofika nje.

"Sikuimba."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nasimama."

Jumatatu alifungua kibanda, akaitundika simu kwenye msumari. Sare mpya zilikuwa zinamsubiri mezani. Alikivuta kiti, akaketi, akakunja mikono kifuani, akavuta pumzi. Upande wa pili wa ubao, mashine ya kunyolea ilizimwa.

"Moja," alisema Kinyozi.