Dirisha Liliachwa Wazi

Kosa ni langu. Nalisema hapa, kwa watu nisiowajua, kwa sababu yule niliyekuwa namwambia kila kitu hayupo tena.

Niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni huku Bangwe, kando ya ziwa. Editha alikuwa anasafisha vyumba. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Mwanga, tukila sahani moja, hata vitenge tunaazimana. Bosi wetu ni mzungu anayeishi kwao, na Kiingereza nilikijua mimi tu.

Siku hiyo Editha alishamaliza chumba cha mgeni mmoja, akafunga kila kitu. Mimi nikaingia kutafuta mtandao, nikafungua dirisha nipige simu, nikasahau kulifunga. Mvua ikaja na upepo wa ziwani. Kompyuta ya mgeni ikalowa, ikafa na kazi yake yote.

Bosi akataka maelezo kwa ujumbe. Nikaandika, “I left the window open.” Mimi ndiye niliyeacha dirisha wazi. Nikaitazama ile “I” pale mwanzoni, imesimama peke yake kama mshtakiwa. Nikaifuta! Nikaandika, “The window was left open.” Dirisha liliachwa wazi. Nikajiambia sijadanganya. Kiingereza kimenyooka, na mtu hayumo.

Bosi mwenyewe ndiye akamtia mtu kwenye hiyo sentensi. Vyumba ni vya nani? Vya Editha. Akaagiza asirudi kazini, na jamani, ni mimi niliyemtafsiria!

Hakulia. Aliniuliza niliandika nini hasa. Nikamsomea kwa Kiswahili. Akasema, “Nililifunga mwenyewe. Na wewe unajua.”

Akafungasha, akapanda boti kurudi kwao Mwamgongo.

Samaki mmoja wa mgebuka sasa ananitosha siku mbili. Nikiona kichekesho sokoni nageuka nimwambie, nakuta watu wanapita tu. Simu zangu hakupokea.

Mwishowe nikamwandikia bosi ile sentensi niliyoifuta. Alinikaripia sana, akasema Editha arudi. Nikaenda Mwamgongo kumpa habari.

Nilimkuta na mama yake wanaanika dagaa mchangani. Alinipa kiti, akaniletea maji, akaniuliza habari za safari, kama anavyoulizwa mgeni yeyote. Kazi akaikataa. Nikamwomba radhi mbele ya mama yake, bila kuficha chochote.

“Umesamehewa,” alisema, akaendelea kugeuza dagaa.

Hakusema “nimekusamehe.” Nilikaa kwenye kile kiti nikilisubiri hilo neno mpaka boti ya kurudi ikapiga honi.

Ndugu zangu, ukikosea, sema “mimi” siku ileile, iwe kwa Kiingereza, Kiha au Kiswahili. Usijifiche nyuma ya sentensi. Mimi nililisema nimechelewa, na sasa nikifungua mlango jioni hakuna wa kuniuliza, “Nani huyo?”