Gari la Mwenye Duara

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilipewa karai la mafuta ya taa, brashi iliyokwisha manyoya na rundo la nati, nikaambiwa nioshe. Ilikuwa gereji moja ya mjini Shinyanga, nami nimetoka Didia nikidhani siku hiyohiyo nitalala chini ya gari kama fundi. Nikaosha mpaka vidole vikababuka. Jioni Fundi Mkuu akaja, akaokota nati moja, akaisugua kwenye mkono wa shati lake. Ikaacha alama. "Rudia zote," akasema, akaenda zake kula. Nyinyi wa siku hizi mngejipiga picha mkaweka mtandaoni kwamba mnanyanyaswa. Mimi nilirudia.

Fundi Mkuu huyo alikuwa na maneno machache, na mengi yao matusi. Mteja akija kueleza gari lake linaumwa nini, yeye anaitikia kwa adabu, ndiyo mzee, ndiyo mzee, kisha mteja akigeuka mgongo tu ananiambia, "Umesikia yote hayo? Yasahau. Ukifuata maneno ya watu utashusha injini bure. Washa, sikiliza." Nikayashika hayo kuliko kitu kingine chochote nilichofundishwa pale. Nikafanya kazi hivyo miaka yote, na nikaishi hivyo pia.

Kutoka hapo nilikwenda kiwanda cha kuchambua pamba, chini ya Msimamizi wa Usafiri, mtu wa kufoka, ambaye malori yake yalikuwa yamechoka kuliko madereva. Kule ndiko nilikojifunza ovahoo, yaani kuifungua injini yote, kupima kila kilicholika, kubadilisha ringi na gasketi na kuifunga upya. Baadaye nikaajiriwa mgodi mkubwa upande wa Geita. Huko Mkuu wa Karakana alitupokea kwa sentensi moja: "Hapa hatutengenezi, tunabadilisha." Kila fundi alikuwa na kufuli lake jekundu. Kabla hujaingia chini ya mkonga, yale magari magumu ya porini yenye bomba la hewa ubavuni, unapiga kufuli kwenye swichi ya betri na ufunguo unabaki mfukoni mwako. Hata bosi wa mabosi halifungui. Kazi ilikuwa safi na salama, sikatai. Lakini gasketi ikiungua, injini nzima inatolewa na kuwekwa nyingine, na mtu mwenye mikono yake anabaki kufunga bolti kama roboti. Nilipostaafu walinipa cheti na saa ya ukutani. Saa ile haikumaliza masika.

Nikarudi Nyahanga, Kahama, kwenye nyumba yangu, na mbele yake nikafungua gereji ya binti yangu. Sikukosea kusema. Ya binti yangu. Kabula alikuwa amemaliza chuo cha ufundi, na ninawaambia bila aibu ya mzazi, ana sikio la injini kunishinda. Tatizo halikuwa sikio. Mteja anaingia, anamkuta na ovaroli na spana mkononi, anamwambia, "Dada, hebu niitie fundi." Anajibu, "Fundi ndiye mimi." Mteja anacheka, anakaa kwenye benchi kunisubiri mimi mzee mwenye kiuno kibovu. Hivyo kila siku. Kabula akaanza kunyamaza, na mwanangu si mtu wa kunyamaza.

Siku moja akaniambia, "Baba, nikiendelea kubadilisha oili za bodaboda, hawa watu hawataniona maisha. Nahitaji gari moja nilifanye mimi mwenyewe, kuanzia chini mpaka juu. Gari ambalo likipita, mtu anageuza shingo."

"La spoti," nikasema.

"La spoti, la zamani, lililokufa. Nilifufue watu wakiona."

Nikapenda mno. Basi kama na wewe unatafuta la kwanza la kujifunzia, sikiliza, maana hapa sina mchezo. Usidanganywe na rangi. Ingia chini uangalie chesisi, ule mfupa wa gari. Ikiwa na kutu ya kutoboka, ondoka hata ukipewa bure. Chagua lenye injini inayoingiliana na ya gari la kawaida, kwa sababu spea za spoti tupu utazitafuta mpaka uzeeke. Injini iliyokufa isikutishe, ila gari lililowahi kupinduka likutishe. Na usinunue lililofunguliwa tayari na fundi mwingine, bolti zake zimo kwenye mfuko wa rambo. Hutazikuta zote.

Tulilipata kwa dalali mmoja palepale Kahama. Jekundu lililopauka, la Kijapani, milango miwili, na zile taa zinazojificha kwenye boneti ukizima. Kabula alifungua kizibo cha oili, akapitisha kidole, kikatoka na uji mweupe. "Maji yameingia kwenye oili, gasketi ya silinda hedi," akasema. "Hedi ikichongwa kidogo, inapona." Chesisi nzima. Injini ni ileile ya teksi za mjini. Nilijikaza nisicheke kwa furaha mbele ya dalali.

Nikataja bei ya kejeli, ya kuanzia ugomvi. Dalali akasema, "Lichukue, mzee."

Nikashangaa. "Mbona hubishani?"

Akatazama pembeni. "Watu wana maneno. Gari hili lilikuwa la mwenye duara mmoja, yaani shimo la dhahabu, wa kule Kharumwa. Shimo lake lilikuwa halitoi kitu. Likamfukia mdogo wake, na wiki hiyohiyo likaanza kutema dhahabu. Ndipo akanunua hili. Sasa amefilisika, amehamia machimbo mengine, ila watu bado wanasema ni gari la ndagu."

Kwa asiyekaa kwetu, ndagu ni dawa ya utajiri ambayo, wanavyosema, mtu hulipia kwa ndugu yake. Nilicheka mpaka nikakohoa. Wachimbaji wangapi wamefukiwa na wenye mashimo hawakupata hata punje? Nilimuuliza dalali kama ndagu inaunguza gasketi. Kabula hakucheka. Akasema polepole, "Baba, tuulize kwanza watu wa mtaani." Nikamwambia mimi sinunui mtaa, nanunua gari. Nyumbani Mama Kabula naye akalizunguka mara moja, akaniambia, "Baba Kabula, wewe gari unalijua kwa chini tu." Nikadhani ni wivu wa jikoni tu.

Kazi ile, jamani! Nasema hivi na moyo unaniuma, maana haikuwahi kufanyika kazi safi namna ile chini ya bati langu. Kabula alishusha injini peke yake kwa mnyororo. Hedi ikaenda Mwanza kuchongwa, ikarudi inang'aa. Alikaza bolti zake kuanzia katikati kwenda nje, kwa toki renchi, spana inayokuambia nguvu imetosha, bila haraka, akihesabu kwa midomo. Sikugusa kitu. Nilikaa kwenye benchi la wateja. Alipowasha, iliitika mara ya kwanza, ikatulia kwa sauti nene ya chini, naye akaweka kichwa juu ya usukani akalia. Mimi pia.

Tukatoka nalo barabarani, yeye anaendesha. Ni kweli watu waligeuza shingo. Halafu niliona wanazigeuza tena upande wa pili.

Mvua ilikuwa imeanza. Mbele yetu jirani yetu Mama Shija alikuwa anatoka sokoni, mzigo kichwani na mwingine mkononi. Kabula akasimama, akashusha kioo. "Shikamoo mama, ingia tukupeleke."

"Marahaba, mayu," akaitika, yaani mama, kwa Kisukuma chetu. Mama yule alimlea Kabula na wanawe kwenye sinia moja. Akatazama kiti, akatazama mvua. "Asante, mwanangu. Afadhali nitembee." Akaondoka ananyeshewa, mzigo unachuruzika maji. Kabula alibaki na kioo wazi mpaka mkono wake ukalowa.

Wiki ile akaja mwenye basi dogo la kubeba wanafunzi, mteja pekee aliyekuwa amekubali Kabula amfanyie breki. Alikuja kulichukua kabla halijaguswa. Alinisalimia vizuri, akanivuta pembeni. "Baba Kabula, sina neno na binti yako. Ila mimi napakia watoto wa watu. Wazazi wakisikia mikono iliyofunga lile gari ndiyo imefunga breki zangu, watanimaliza."

Hasira ikanipanda. Nikaamua kuyamaliza maneno hadharani. Nilimwita mchungaji aliombee gari mbele ya gereji, na kwa kuwa nusu ya mtaa ni Waislamu nikamwomba na shehe aje asome dua. Wote wawili walikuja, watu wema, wakaweka mikono juu ya boneti. Mtaa ulijaa. Nikajiona nina akili sana. Walipoondoka, mzee mmoja nyuma ya umati akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo kweli lilikuwa nayo. Lingekuwa halina kitu, lingeombewa nini?"

Basi. Kuanzia siku ile haikuwa tena tetesi za Kharumwa, ilikuwa habari iliyothibitishwa na baba yake fundi. Hata bodaboda walikoma kuja. Kabula alinikuta nimekaa, akasimama mlangoni.

"Baba, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka kukusaidia, mwanangu."

"Lilikuwa gari langu. Ulilinunua bila kusikiliza watu, ukaliombea bila kunisikiliza mimi." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

Akalifungua. Yeye mwenyewe, kwa mikono ileile, bolti moja moja, akipanga kila kifaa juu ya turubai kavu. Hapo ndipo nilipoyaona ya dunia. Watu wale waliokuwa wakivuka barabara kulikwepa walikuja mbiombio. Huyu anataka viti, huyu ringi za matairi, yule gia boksi. Ndagu nzima walikuwa wanaikimbia, ikikatwakatwa kwa bei nafuu wanabeba kwa toroli! Nilimuuliza mmoja kama haogopi. Akanijibu, "Mzee, spea ni spea." Injini ikaenda ya mwisho. Kabula aliifuta kwa kitambaa kabla ya kumpa mwenye teksi aliyeinunua, akafunga ovaroli lake kwenye mfuko, na mwezi haukuisha akahamia Mwanza kwa shangazi yake. Anauza vitambaa. Hunipigia simu kila Jumapili, tunaongea mvua na afya ya mama yake. Magari hatuyataji.

Mnaniuliza mimi mstaafu nina ushauri gani. Wa chini ya gari nimeshawapa. Wa juu yake sina. Nimefanya kazi umri wangu wote na watu waliobeba hela ya gari mfukoni na hukumu tayari kichwani, na sikuwahi kuwapima hata mara moja. Wananikera mpaka leo. Ninawasalimia, lakini wananikera.

Juzi nilipanda teksi stendi ya Kahama. Dereva kijana, mgeni, wa kutoka Singida. Gari bovu kwa nje, lakini lilipowaka tu niliitambua ile sauti nene ya chini. Yeye ndiye aliyeanza. "Mzee, sikia injini hii. Nimelinunua gari hivi karibuni, sijaigusa hata plagi. Aliyeifunga ni fundi haswa."

"Ni binti yangu," nikasema.

Akanigeukia kwa furaha ya kweli. "Eh, mzee! Gereji yake iko wapi? Klachi inaanza kuteleza, nimpelekee yeye tu, sitaki mwingine."

Nikamwambia anishushe hapohapo, nitatembea.