Mzee Asiye na Mkanda

Jumamosi, tarehe 14 Juni, asubuhi, nilikuwa nikimkata baba kucha za miguu. Alikuwa ameketi kibarazani kwetu Kisugu, miguu ndani ya karai la maji vuguvugu, akininung'unikia kwa Kilugbara kwamba namuumiza. Usahaulifu umemla karibu mzima. Siku nyingine hata jina langu halijui, ila kulalamika kwa lugha ya mama yake hajakusahau. Nilipomaliza nikamwachia mdogo wangu amwangalie, nikavaa, nikaenda Old Kampala, ambako mwenzangu wa kazini alikuwa amenialika kutazama maonyesho ya picha.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Picha zote zilikuwa za watu wa kawaida ambao mpiga picha alikutana nao njiani bila kuwajua: mwanamke akimenya matoke, mlinzi aliyesinzia na bunduki mapajani, fundi viatu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilizipenda. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba jiji hili linastahili kutazamwa hivi, polepole, nilipofika ukuta wa mwisho na kumkuta baba.

"Mzee, Kisugu," ndivyo ilivyoandikwa chini yake. Amesimama mbele ya geti letu, kifua mbele, kidevu juu, mkono wa kulia umepiga saluti. Wa kushoto umeishika suruali isianguke, maana hana mkanda, na suruali yenyewe imelowa mpaka magotini.

"Banange, huyu anangoja msafara wa waziri!" alisema kijana mmoja nyuma yangu.

"Kalewa, waragi umemtangulia," mwenzake akajibu.

Wakacheka, bila ubaya, kama watu wanavyomcheka mtu wasiyemjua. Sikugeuka.

Mpiga picha alikuwa mwanamke kijana, Mkenya aliyekuja Kampala kutafuta kazi akabaki. Nilimwendea, nikamwambia kwamba mzee yule ni baba yangu na kwamba naomba picha ishushwe.

"Pole, Mama," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba hakusema kwa mdomo tu. "Lakini nilimwomba ruhusa. Mimi simpigi mtu picha bila kumwomba."

"Ulimwambia nini hasa?"

"Nilimwambia, 'Mzee, simama hapo kidogo nikupige picha.' Akajibu, 'Ndiyo, afande!' Nikadhani ananitania. Nikacheka, naye akapiga saluti."

Hapo nikaelewa, na kuelewa hakukunipa nafuu. Baba aliingia jeshini akiwa kijana. Katika nyumba za askari kule Makindye nilikokulia, tulizungumza Kilugbara na mama, na Kiganda sokoni. Kiswahili kilikuwa cha kazi: mtu aliamriwa kwacho, akaitika kwacho. Kilipobisha mlangoni, baba alikuwa ameshasimama. Kwa binti yule, Kiswahili ni lugha ya kumsogelea mtu usiyemjua bila kumtisha, na alikitumia kwa adabu. Baba alisikia amri. Hata leo, anapokataa kuoga kwa Kilugbara, na hukataa kwa matusi, mimi na mdogo wangu tunajua la kufanya. Tunasema kwa Kiswahili, kwa sauti kavu: "Simama. Twende." Naye husimama, huenda.

Nilimweleza hayo yote. Alisikiliza, kisha akaitazama picha.

"Wewe unaiona suruali, Mama. Mimi naona mgongo ulionyooka. Watu wakifika hapa wanasimama. Mwezi ujao zote zinakwenda Nairobi, na hii ndiyo itakayotundikwa mbele ya zote."

Kilichonisumbua njia nzima ya kurudi nyumbani ni kwamba hakukosea. Mgongo ule sijauona ukinyooka hivyo kwa miaka. Katika picha zote tulizo nazo za baba, hakuna inayofanana naye kama ile.

Jioni niliketi karibu naye, nikamwambia kwa Kilugbara kwamba picha yake imetundikwa mjini na watu wanaitazama. Nilidhani hatanielewa. Akajipapasa kiunoni.

"Nilikuwa na mkanda?" aliuliza.

Nikamwambia chai inapoa.

Wiki zikapita. Kila aliponiangalia nilihisi bado anangoja jibu. Zilipokaribia siku za picha kusafiri, nilimwandikia mpiga picha barua hii, nikampelekea mwenyewe pale ukumbini.

"Mwanangu,

Nilikuomba uishushe picha ya baba, nawe ukaniambia alikubali. Tangu siku ile nimejaribu kukumbuka lini alipata kusema hapana kwa Kiswahili, nami sikumbuki. Hapana zake zote zimo katika Kilugbara, na huko hana haya wala hamchagui mtu.

Kwa hiyo sikuombi tena uishushe kwa sababu mimi ninaona aibu. Aibu yangu si haki yake. Naomba uje Kisugu kabla hujasafiri, uje na picha yenyewe bila kamera, umwonyeshe. Nitamwuliza kwa lugha yake kama anataka watu wa Nairobi wamwone hivyo, nami nitakutafsiria neno kwa neno, hata likiwa ni tusi. Akikubali, nitanyamaza, ingawa itaniuma. Akikataa, ibaki nyumbani kwetu.

Aliniuliza kama alikuwa na mkanda, nikashindwa kumjibu. Siku hiyo tutakuwa tumemvalisha.

Utamkuta ameketi kibarazani. Msalimu kwa kumpa mkono, keti kwenye mkeka ulio karibu naye, na Kiswahili chako niachie mimi. Akitaka kuinuka kwa sababu mgeni amefika, mzuie kwa mkono. Tafadhali, usimwambie asimame."