Punda Chini ya Dirisha la Wodi

Mkoa wetu ulikuwa bado mpya, tumetoka tu kukatwa kutoka Arusha, pampu ya hospitali ilipoharibika. Nikapata kazi ya kumbebesha punda wangu maji hadi kwenye jiko wanalopikia ndugu wa wagonjwa. Wagonjwa waliotoka kuota jua walimkuna masikio, manesi wakampa maganda ya ndizi. Mimi waliniita Mama Punda na sikuchukia. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wako Arusha, na pale kijijini Bashay siku nzima iliweza kupita bila mtu kuniita kitu chochote.

Pampu ikatengenezwa. Nesi mkuu, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, akaniambia naweza kuendelea kumleta punda awasalimie wagonjwa, mradi asipande barazani na kinyesi nizoe mwenyewe. Alikuwa na haki. Lakini kwetu ukipita njiani na punda asiye na mzigo, kila nyumba inakuuliza unampeleka wapi, na jibu sikuwa nalo. Kwa hiyo nilimfunga madumu yake yaleyale, matupu, tukaenda kama zamani. Sijui kama huo ni uongo. Hakuna aliyeniuliza.

Kwenye wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, alilala bibi wa Getanuwas aliyevunjika paja. Ni mbali, ndugu walimleta wakarudi kuvuna. Daktari alisema mfupa umeunga, ila bibi alikataa kusimama. Magongo yake yaliegemea ukuta. Nesi mkuu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba asipoanza kutembea sasa atarudishwa kwao amebebwa, na atabaki wa kubebwa.

Nikawa namsimamisha punda chini ya dirisha hilo. Namwamkia bibi shikamoo, anaitikia marahaba huku anamtazama punda, si mimi. Siku nyingine hakuitikia kabisa. Nilibaki hapo hata hivyo.

Kwetu punda akifika hushushwa mzigo kwanza, ndipo watu wasalimiane. Mimi nilikuwa nimeliacha hilo, maana nilijua hana mzigo. Bibi hakujua. Siku moja nikakutana na nesi mkuu nje, salamu zikawa ndefu: za nyumbani, za mifugo, za mvua.

"Wewe mama," bibi akaita dirishani, "mnyama amesimama na maji mgongoni, na wewe unaongea."

Nikamjibu nakuja. Sikwenda. Nesi alikuwa ananieleza habari za mwanae, na ni nadra mtu kunieleza habari.

Tulipogeuka, bibi alikuwa mlangoni, magongo kwapani, anatetemeka, ananisema kwa kilugha. Nilitaka kumkimbilia, nesi akanishika mkono, akaenda yeye kusimama karibu yake. Bibi akashuka ngazi, akaegemea ubavu wa punda, akafungua kamba. Dumu likaanguka, likabiringika.

"Hakuna maji," akasema.

"Hakuna, bibi. Pampu ilishatengenezwa."

"Sasa unaleta nini kila siku?"

"Namleta punda awasalimie."

Akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza. "Huna mtu nyumbani," akasema. Hakuwa anauliza.

Nesi mkuu husema punda ndiye aliyemwinua. Sijui. Mfupa ulikuwa umeshaunga, na yeye nesi alimbembeleza muda mrefu kuliko mimi. Punda alisimama tu. Tangu hapo bibi alitoka kila tulipofika, akamshushia madumu yale matupu kwa mkono wake, hakunitania hata mara moja.

Kisha mtoto wa bibi akaja na pikapu kumchukua. Bibi akampiga punda kofi dogo shingoni, akanipa mkono, akasema nikifika Getanuwas nimuulizie. Nikasema haya. Wote tulijua siendi Getanuwas.

Kesho yake niliyaacha madumu nyumbani. Jirani akauliza tunakwenda wapi na punda mtupu. Nikamwambia kusalimia wagonjwa. Akasema haya, akarudi kwenye jembe lake. Kwenye kitanda cha dirishani alilala msichana ameelekea ukutani. Nikamsimamisha punda palepale, tukasubiri ageuke.