Mguu wa Vidole Vinne

Mume wangu alipofariki aliniachia duka la kupiga chapa pale mjini Salama, kompyuta moja, na mama yake. Kompyuta ndiyo iliyofuata kufa. Virusi viliingia na disketi ya mteja vikafuta kila kitu, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaja kutoka Nairobi na diski mbili za kuifufua.

"Mfumo huu wa kuendesha kompyuta ni wa bure," akatuambia. "Umetengenezwa na watu wa dunia nzima, kila mtu amechanga kidogo."

"Harambee," akasema mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, kama kila siku tangu mazishi.

"Ndiyo, Mwaitu. Kama harambee."

"Na mgeni wa heshima alikuwa nani?"

Shemeji akaingiza diski ya pili. Akanigeukia mimi. Kumbe mfumo huo ulikuja na sura mbili za skrini, kila moja na mpangilio wake na mahali pake pa kubofya, na ilibidi nichague moja. Mimi nilisoma hadi darasa la saba. Kupiga chapa nilifundishwa na mume wangu, na katika ndoa yetu hata rangi ya mlango alichagua yeye. Nikamwambia shemeji achague. Akakataa.

"Ni wewe utakaa nayo, shemeji."

Sura ya kwanza ilikuwa na herufi K yenye meno kama gurudumu la mashine. Ilifunguka haraka.

"K ya Kanyangi," akasema Mwaitu, maana huko ndiko alikozaliwa. "Imetosha. Twende tule."

Sura ya pili ilichukua muda. Skrini ilibaki tupu, mashine ikakwaruza ndani kwa ndani, halafu katikati pakatokea wayo wa mtu. Wayo mtupu, wenye vidole vinne.

Mume wangu alikatwa kidole kidogo cha mguu wa kushoto na shoka, akipasua kuni, kabla hatujaoana. Wayo huo niliuona kila jioni akinawa miguu kwenye karai.

"Ni nani amemchora mwanangu?" Mwaitu akauliza.

"Si yeye, Mwaitu. Ni alama tu. Wazungu ndio walichora."

"Wazungu hawana vidole vitano?"

Shemeji akaeleza kwamba sura hii ni nzito kwa mashine ndogo kama yetu. Ingekuwa ikichelewa, na siku nyingine kukwama.

"Basi ni yeye," akasema Mwaitu. "Huyo alichelewa hata kuzaliwa."

Nikachagua mguu. Sikuchagua kwa akili. Tangu mazishi sikuwa nimelia mbele ya mtu, na watu walinisifu kwa hilo. Nilitaka tu kitu chake kiwepo dukani. Shemeji akatikisa kichwa, akanionyesha pa kubadilisha nikichoka, akarudi Nairobi.

Kazi ya kwanza ilikuwa ratiba ya ibada ya mavuno. Kanisa ndilo lililokuwa mteja wetu mkubwa, na shemasi alikuwa amesema wazi: wakikosa ratiba Jumapili hiyo, kazi zao zote zitahamia kwa mpiga chapa mwingine. Bila kanisa, duka lilikuwa la kufungwa.

Ijumaa mchana shemasi akaja, akasimama nyuma yangu. Nilikuwa nimefika kwenye wimbo wa sadaka. Mshale ukasimama. Nikasubiri. Ule mguu, ambao ulikaa pia kwenye kona ya chini ukiwa mdogo, ukanitazama.

"Mama, inafikiria?" shemasi akauliza.

Ilikuwa imekwama. Nikaizima, na yote niliyoandika yakapotea, kwa sababu sikuwa nimehifadhi hata mstari mmoja. Nikaiwasha. Skrini tupu. Halafu wayo.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

"Wewe!" nikauambia. "Kila siku kuchelewa! Harusi yako mwenyewe ulichelewa, watu wakamaliza chakula. Paa linavuja, ukasema kesho. Kitu kimoja tu maishani uliwahi, na ni kufa! Hicho ungechelewa, nani angekulaumu?"

Shemasi akavua kofia.

"Mwambie na ya mbuzi," akasema Mwaitu kutoka kwenye kiti chake.

Nikamwambia na ya mbuzi wa mahari, waliofika kwetu baada ya mwaka. Nililia kwa sauti hata wauza nyanya wa barabarani wakaja kuchungulia. Shemasi, asijue la kufanya, akaanza kuomba. Mwaitu, huku anacheka na machozi yanamtoka, akamwambia angoje kwanza, bado sijamaliza.

Nilipomaliza nikanawa uso, nikaondoa ule mguu, nikachagua K. Ikafunguka mara moja. Shemasi akanisomea ratiba na mimi nikaandika, nikihifadhi kila baada ya mstari. Kwa vile macho yangu yalikuwa yamevimba, wimbo wa sadaka niliuandika mara mbili. Jumapili waumini wakauimba mara mbili, na vikapu vikapitishwa mara mbili. Jumatatu asubuhi shemasi alileta kazi nyingine, akaniuliza kwa adabu kama naweza kukosea tena mahali palepale.